Chingamu Kwenye Dashibodi

Kwa bisibisi, fundi alibandua chingamu iliyogandia kwenye dashibodi, nyeusi, yenye alama za meno na unywele mmoja. Chini yake taa nyekundu ya breki ilikuwa inawaka.

Mama watoto aliinama kuitazama. Meno yale aliyajua, ya mumewe.

"Si unaona taa imezimika? Nimeshalitengeneza," mumewe alimwapia mwezi uliopita. Tangu hapo yeye akawa anawapeleka watoto shule kwa gari hili, na bwana anakwenda kazini kwa miguu, eti ananyoosha viungo.

"Breki zimekwisha, dada. Chuma kinasaga chuma."

Akampigia mumewe. "Njoo uchukue gari. Leo wewe ukawalete watoto."



"Nenda nalo tu wewe, mama watoto. Mimi nimeshazoea kutembea."