Nauli ya Korosho Moja

Palikuwa na Korongo, mvushaji wa wanyama mtoni kwa korosho moja. Siku moja alitangaza kuwa sasa anavuka bahari, na nauli ni ile ile. Bibi Kindi, ambaye binti yake wa ng'ambo ndio kwanza amejifungua, akakaanga korosho za kumpelekea mzazi, akajaza kikapu, akapanda mgongoni.

Jua likawaka. "Mwanangu, nifunike kwa bawa."

"Kivuli hakimo kwenye nauli, bibi. Korosho kumi."

Akatoa. Mtoni angevumilia, maana ukipepesa macho umefika. Lakini baharini ni siku tatu. Akanunua maji. Akanunua usingizi. Korongo akawa anazitia korosho mfukoni mwake, moja moja, kwa adabu zote.

Siku ya tatu nyumba ya binti ikaonekana chini. Korongo akaizunguka, akaizunguka tena.

"Mbona hutui, mwanangu?"

"Kutua nako hakumo, bibi."

Bibi Kindi akamwaga zote zilizobaki.

Binti akatoka mbio na kichanga chake, akaangalia mikono ya mama yake: mitupu. Kabla Bibi hajapata la kusema, Korongo akatangulia mbele, akanyoosha mfuko.

"Hongera kwa uzazi, dada. Nimekuletea kidogo."

"Jamani, kaka! Karibu ndani!" Binti akampa kiti, kisha akamgeukia mama yake, macho yamemlenga machozi.

"Na wewe mama, safari yote hiyo, hata korosho moja?"