Chupa ya Bi Mwanakheri

Bwana Tawakali alimaliza kuhesabu mikono ya yule nyota wa manyoya kwa mara ya mwisho, akavua miwani. Miaka tisa aliamini kwamba hakuna mtaalamu aliyewahi kumpa jina mnyama huyo wa baharini. Ndani ya chupa yake ya spiriti alishatia kikaratasi chenye jina alilomtungia, lililotokana na la Bi Mwanakheri, mvuvi wa pweza aliyemwokota mwambani. Leo barua imefika: mnyama huyohuyo alishapewa jina ng'ambo, kabla babu zao hawajazaliwa, na jina la kwanza ndilo linaloshika.

Bi Mwanakheri alikuwa amekaa mbele yake, amevaa kanga mpya.

"Basi jina langu limefutwa, mwanangu."

"Halifutwi, mama. Kwetu hapa makumbusho kikaratasi cha zamani hakitupwi. Kinabaki mumo humo chupani, nyuma ya kipya."

"Nyuma."

"Ndiyo, nyuma."

Bibi alishusha pumzi. "Na mimi nishawaambia wajukuu."

Bwana Tawakali alichukua kikaratasi kipya. Aliandika jina lile la kigeni kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti, akakitumbukiza kikaratasi, akairudisha chupa rafuni. Kisha akainamia meza, macho yakimuwasha.

Aliposikia kioo kikikwaruza ubao, aliinua kichwa. Bi Mwanakheri alikuwa akiigeuza chupa polepole, kwa mikono miwili, mpaka nyuma ikawa mbele. Akajitanda kanga yake, akaaga.

Wakati wa kufunga ofisi, Bwana Tawakali alizipangusa chupa zote vumbi. Ile hakuigusa.