Mluzi wa Kibwe

Huko majabalini kulikuwa na pimbi mmoja mwenye maringo, Kibwe. Kazi yake ilikuwa kumchungulia Tai: akimwona apige mluzi, wenzake wakimbilie mapangoni.

"Umevuta pampu yako ya asubuhi?" mama yake akamuuliza.

"Mama naye. Kwani naumwa? Wiki ya pili hii siivuti, na pumu yenyewe siioni."

"Inajificha hiyo, mwanangu."

Kibwe akacheka, akapanda zake jiweni.

Mchana Tai akashuka. Kibwe akavuta pumzi apige mluzi, kifua kikabana, ikatoka mikwaruzo tu. Mdogo wake Zawena, pale chini, hakusikia kitu, akaendelea kutafuna majani. Tai akambeba.

Mama akaja na pampu ya dharura, akamshikia Kibwe mdomoni. Kifua kilipofunguka, ndipo Kibwe akaweza kulia.