Rangi Isiyoshika

Miguu yake ilikuwa myekundu hadi vifundoni, na waliopita uani walidhani ni damu. Ilikuwa rangi tu. Askari wa jeshi jekundu walipokuja kumchukua nyumbani kwake hawakumpa nafasi hata ya kuvaa viatu. Walimkokota vivyo hivyo, pekupeku, hadi ndani ya ngome, wakamwonyesha mapipa na rundo la majoho meupe, wakamwambia ayatie rangi nyekundu. Akikataa, mapipa yalikuwa na kina cha kumtosha.

Vita vyenyewe vilikuwa vya ndugu wawili waliogombea kiti cha marehemu baba yao. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawa walikwisha kuwanyang'anya watu hata majembe, wakayafua yakawa mikuki. Jeshi la kaka lilivaa joho jekundu, la mdogo mtu jeupe. Lugha ni moja, sura ni zile zile, na wengine walinyonya ziwa moja. Bila rangi hakuna aliyejua amchome nani.

Na huko kwa weupe ndiko alikokuwa mwanawe wa pekee, fundi matandiko ya farasi, kijana aliyeondoka na sindano yake ya kushonea ngozi kana kwamba anakwenda kibaruani. Mtoto kwa mzazi hakui. Kila alipochovya joho, mtia rangi aliona anamvalisha mtu atakayemwua mwanawe, na hakuwa na la kufanya. Mnyonge msonge.

Kisha akaona lipo, dogo. Rangi ya mizizi haishiki kitambaa bila shabu, yale mawe meupe yanayosagwa na kutiwa kwanza kwenye maji ya moto. Shabu akawa anaimwaga mtaroni, kidogo kidogo. Majoho yalitoka yamekolea, ya kupendeza, hata mkuu wa lango akamsifu. Yangedumu hivyo mpaka mvua ya kwanza. Siku hiyo wekundu wangegeuka weupe katikati ya mapigano, wasijuane, wamalizane wenyewe. Alimwomba Mungu mvua, akaona haya kumwomba jambo kama hilo, kisha akaomba tena.

Askari aliyemlinda walimwita Kijiko, maana hakutengana na kijiko chake cha mti hata usingizini. Alikuwa mtu mzima, mpenda maneno. Asubuhi moja alikuja na kichekesho: mwenzao mmoja alikwenda kisimani nje ya ukuta, akapigwa rungu la kichwa, na alipozinduka joho lake halikuwepo.

"Kisu wameacha, buti wameacha. Joho tu, dada. Kazi yako inapendwa."

Mtia rangi hakucheka. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ukuta, na macho yake yalikuwa huko.

Mvua ikaja adhuhuri, nayo ilikuja kweli. Kikosi kilikuwa nje kikipambana, yeye amefungiwa chumbani na mapipa yake, haoni kitu. Akasikia tarumbeta ya lango, makelele, kisha jambo ambalo hakulitarajia: kicheko cha wanaume wengi. Baada ya kicheko kukawa kimya, kisha mishale ikalia. Laiti angekuwa na japo tundu la kuchungulia.

Jioni Kijiko akaingia, ameloa chapachapa, joho lake limepauka, kitu amekibana kwapani.

"Rangi yako imetuaibisha, dada," alisema, wala hakuwa na hasira.

Akamweleza kwamba walirudi langoni weupe pee, na wapiga mishale wa ukutani wana amri ya kumwangusha kila mweupe. Lakini watu waliokula chungu kimoja wanajuana. Kila aliyefika alitaja jina lake la utani na kumtukana mwenzake aliye juu, wa juu wakacheka, lango likafunguliwa. Kati yao hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

Moyo ulimwanguka mtia rangi. Ujanja wote ule, kazi bure.

"Sasa mishale niliyoisikia?" aliuliza.

Kijiko alijikuna kidevu. "Huyo mmoja. Alikuja nyuma yetu na joho kama letu, rangi inamtiririka. Angebaki mwekundu tungeingia naye tu, nani angemwangalia? Tukamwuliza jina, kimya. Tukamwambia basi taja mmoja wetu yeyote. Hakuwa na wa kumtaja." Akashusha sauti. "Kijana mdogo tu. Sijui alitaka nini humu ndani, maana silaha hakuwa nayo. Alikuwa na hivi kifuani, amevifunika visiingie maji. Wenzangu walitaka kuvitupa, nikasema hapana, kuna mtu hana."

Akaweka chini jozi ya viatu vya kike. Vilikuwa vikavu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka cha ngozi ya tandiko, kimeshonwa kwa mkono uliojua kazi yake.

"Vijaribu, dada," Kijiko alisema. "Huenda vikakutosha."