Kigari cha Shemeji

Siku ile ya kununua kigari, mjinga alikuwa Mbaruku mwenyewe. Kigari kilikuwa cha kaka wa mkewe, Shomvi, kidogo hata magoti ya dereva yalibisha hodi kwenye usukani. Alikikuta uani kimeshawashwa, kinanguruma vizuri. Kufunua boneti mbele ya shemeji aliona ni utovu wa adabu, basi akalipa, akaondoka anapiga honi. Cherehani ya mkewe, iliyokuwa ikiwalisha, ilikuwa imeuzwa ili sasa wale kwa teksi.

Asubuhi yake injini ilikuwa imepoa, na haikuwaka. Wakakisukuma, yeye na mkewe Mwanakombo, hadi kwa Shomvi.

"Ulikipasha moto makusudi kabla sijafika," Mbaruku alisema.

"Shemeji, gari la mtumba hukaguliwa. Ungekuja na fundi."

"Nije na fundi kwa shemeji yangu? Ningekutazama vipi usoni?" Akamgeukia mkewe. "Mwambie kaka yako. Mtu akiwaamini wakwe zake, kosa lake nini?"

Mwanakombo alikuwa bado ameegemea buti, anahema, kanga imelowa jasho.

"Mimi nilipoolewa na wewe," akasema, "nilikuja na fundi?"