Pipa la Mbege Jikoni kwa Mama Nsia

Kila mara mtambo wa kupima mlima uliposoma kwamba uwezekano wa kulipuka ni nusu kwa nusu, sheria ilitaka mtu mmoja wa kitongoji, aliyepatikana kwa kura, aamue kabla ya saa sita mchana: wote wahame, au wote wakae. Siku hiyo kura ilimwangukia Mama Nsia.

"Haya, Mama Nsia," alisema balozi wa nyumba kumi, Mzee Lyatuu, akimsogezea kidude chenye vitufe viwili. "Tunakusikiliza wewe."

Mama Nsia aliutazama mlima uliokuwa ukifuka moshi mwembamba. Kisha akalitazama pipa la mbege, pombe ya ndizi, pale jikoni. Ulezi ulikuwa umetiwa jana, pombe ilikuwa inaumuka, na harusi ya binti yake Nsia ilikuwa kesho. Wakihama, yote ingechacha.

"Tukae," akasema, akabonyeza.

Alasiri ardhi ilitikisika, vikombe vikagongana kabatini. Halafu kimya. Jua lilipoanza kushuka, mtambo ulisoma sifuri. Vigelegele vikalipuka migombani kote, na Mama Nsia akajibwaga kwenye kigoda, akicheka huku machozi yakimtoka.

Harusini Mzee Lyatuu aliinua kibuyu chake. "Huyu mama anaujua mlima! Tumekubaliana, kura basi. Kuanzia leo ataamua yeye."

Watu wakashangilia. Nsia akamwinamia mama yake. "Kwani uliona nini, mama?"

"Niliona mbege itachacha."

Nsia akaangua kicheko, akawapasha habari wa meza ya pili, nao wakacheka. Mama Nsia naye alicheka, ila aliupa mlima mgongo.