Doti Mbili za Kisutu

"Hajachezwa huyo. Nje!"

Bi Somoe alisimama juu ya kreti la soda, maana bila kreti waliokaa nyuma wangeona kilemba tu. Fimbo yake ilimwelekea Zamzam, aliyeingia kwenye ngoma ya unyago ya jirani na sinia la kashata. Zamzam akaliacha sinia, akatoka. Wenzake wakaendelea kucheza.

Kariakoo nzima ilimjua kungwi huyo. Alikuja zamani kutoka Lindi, akasema kachezwa hukohuko kwao, na tangu hapo hakuna aliyemfikia kwa ukali. Mungu hakumjalia mtoto. Akiulizwa, hujibu, "Ninao mia tatu, wote nimewacheza mimi." Sheria zake hazikuwa na msamaha: asiyevunja ungo hachezwi, na asiyechezwa haingii ndani, sembuse kuwacheza wenzake.

Zamzam ana miaka ishirini na mbili na hajavunja ungo. Kwenye meza yake ya vifungo na zipu, Mtaa wa Kongo, wateja humwambia, "Mtoto, hebu mwite mama yako." Naye hujibu, "Mama hauzi vifungo. Nunua kwangu." Mwili uligoma kukua, ulimi ukakua kwa niaba yake.

Mwezi huo daktari alimaliza ubishi. Alimpima urefu, akamtazama shingo, akamnyoosha mikono aone viwiko vilivyopinda kwa nje, akatoa damu ipelekwe maabara. Jibu likaja: Zamzam alizaliwa na kromosomu moja pungufu. Ndiyo maana hakurefuka. Hedhi haitakuja bila vidonge, na kushika mimba ni vigumu sana.

"Si kosa la mtu," daktari akasema, "wala hujarogwa."

Zamzam alilia siku mbili. Siku ya tatu akalilia jambo jingine: mdogo wake, Mwajuma, anaolewa mwezi ujao. Siku ya kumfunda bibi harusi, dada mtu atabaki uani na watoto!

"Tumwambie Bi Somoe umevunja ungo," Mama akanong'ona. "Nani atakukagua?"

Zamzam akakataa katakata. Basi Alhamisi wakamwita kungwi, wakamwekea chai na vitumbua. Bi Somoe akapanda kitini, miguu ikaning'inia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Haya semeni, nina ngoma Jangwani saa kumi."

Mama akaeleza yote. Bi Somoe akaichukua karatasi ya daktari, akaishika juu chini, akairudisha.

"Nyoosha mikono."

Zamzam akanyoosha. Bi Somoe akavitazama vile viwiko mpaka chai ikapoa.

"Mbona hukunidanganya? Ungesema umevunja, ningekucheza, yakaisha."

"Mama alitaka hivyo, Bi. Mimi nikaona, kila ngoma nitakayoingia nitakuwa na hofu. Niishi na hofu mpaka lini?"

Bi Somoe akachukua kitumbua. Kilibaki mkononi, hakikufika mdomoni. Mama akaanza kuomba radhi kwa kumpotezea muda.

"Jumamosi anachezwa," Bi Somoe akasema.

Mama akapiga kigelegele, majirani wakachungulia dirishani. Zamzam akajifuta machozi huku akicheka.

"Ngoja, sijamaliza. Nunueni kanga za kisutu za mwali, doti mbili. Na mtafute kungwi."

"Kungwi gani tena?" Mama akashangaa. "Si wewe hapa, Bi Somoe?"

Bi Somoe akavua makubazi, akashuka kitini, akakaa mkekani ubavuni mwa Zamzam. Akajifunika kanga gubigubi, kama mwali.

"Asiyechezwa hawachezi wenzake," sauti ikatoka ndani ya kanga. "Tupo wawili."